Soketi salama za Python kwenye mashine za zamani na mpya: mwongozo wa hatua kwa hatua

Skripti imefanya kazi miaka bila kuguswa. Siku moja inahamishiwa kwenye mashine yenye Python 3.12, na mstari wa kwanza unaogusa mtandao unakatika:

```
AttributeError: module 'ssl' has no attribute 'wrap_socket'
```

Aliyeiandika alishaondoka. Mrithi wake anatafuta, anabandika mistari miwili aliyoiokota mahali, skripti inaamka, kila mtu anashukuru. Kumbe mmoja kati ya mistari ile unasema hivi: usikague cheti cha yeyote, yaani hati inayothibitisha kuwa seva ni ile inayojidai kuwa. Tangu hapo skripti inatuma nywila kwa kila atakayejitokeza njiani na kudai kuwa yeye ndiye seva.

Mwongozo huu ni wa yule mrithi, na wa kila anayelazimika kuendesha msimbo mmoja juu ya Python 2.7 huku na 3.13 kule. Nakuomba ukubali jambo moja kabla hatujaanza: msimbo hauwi wa kupatana kwa sababu tu unaunganika kila mahali. Unakuwa wa kupatana pale unapounganika kila mahali kwa ulinzi uleule, na ukishindwa, unakataa na kutaja sababu. Yote yanayofuata yanatokana na hilo.

Hatua ya 1: Jua una nini mkononi

Kwenye kila mashine inayohusika, endesha amri hii:

```
python -c "import sys, ssl; print(sys.version); print(ssl.OPENSSL_VERSION)"
```

Utapata majibu mawili, na yote mawili yana uzito. Moduli ya `ssl` haifanyi usimbaji fiche yenyewe. Kazi yote inaibebesha maktaba ya OpenSSL iliyojengwa nayo. Kwa hiyo una umri wa Python na una umri wa OpenSSL, na hiyo miwili haiendi pamoja daima. OpenSSL 0.9.8 inaishia TLS 1.0 (TLS ni itifaki inayolinda muunganisho, mrithi wa SSL). Toleo la 1.0.1, la Machi 2012, ndilo lililoleta TLS 1.1 na 1.2. TLS 1.3 ilikuja na 1.1.1, Septemba 2018. Ukiwa na Python nzuri iliyojengwa juu ya OpenSSL kongwe, una gari jipya lenye injini ya zamani.

Usitegemee amri ya `openssl version` pale kwenye terminali. Mara nyingi ile ni OpenSSL nyingine kabisa, siyo ile iliyounganishwa na Python yako. Niliwahi kupoteza karibu siku nzima kwa kosa hili: terminali ilinionyesha toleo jipya, nami nikawa naisaka hitilafu kwenye msimbo wangu mwenyewe, wakati Python ilikuwa imebeba nakala yake ya zamani tumboni.

Sasa upande wa Python. Moduli ya `ssl` iliingia katika 2.6, mwaka 2008, ikiwa na funksheni moja kuu, `ssl.wrap_socket`. Funksheni hiyo ilikuwa na kasoro mbili ambazo hazikurekebishwa hadi inaondolewa. Ya kwanza, kwa chaguo-msingi haikukagua cheti. Kigezo cha `cert_reqs` kilikuwa `CERT_NONE`. Ya pili, haikuwa na njia ya kuiambia seva jina unalolitaka wakati wa mapatano ya mwanzo, yaani SNI, na leo seva moja hubeba tovuti nyingi kwenye anwani moja. Darasa la `SSLContext`, yaani muktadha unaobeba mipangilio ya muunganisho, likaja katika 3.2, likiwa na SNI. Kisha katika 3.4, Machi 2014, ikaja `ssl.create_default_context`, inayowasha ukaguzi wa cheti na wa jina kwa pamoja. Desemba mwaka huohuo mambo hayo yakarudishwa nyuma hadi 2.7.9, jambo lisilo la kawaida kwa toleo dogo, ila mwaka 2014 ulikuwa wa Heartbleed na POODLE, dosari mbili kubwa za usalama, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana. Hatimaye `ssl.wrap_socket` ikatangazwa kuwa imepitwa na wakati katika 3.7, na katika 3.12 ikafutwa pamoja na `ssl.match_hostname`.

Hatua ya 2: Chora mstari

Huwezi kuhudumia kila toleo lililowahi kuwepo. Mimi huchora mstari wangu kwenye `create_default_context`. Python inayo funksheni hiyo? Karibu ndani. Haina? Msimbo unakataa kuunganisha, na mashine hiyo inapewa njia nyingine, nitakayoieleza karibu na mwisho.

Utakuta wengine wanaojitahidi kuhudumia 3.2 na 3.3 kwa kuita `match_hostname` wao wenyewe baada ya mapatano. Inawezekana. Niliwahi kuudumisha msimbo wa namna hiyo na nikaufuta. Kila tawi la ziada ni mahali pengine pa kusahau ukaguzi, na hao waliobaki kwenye 3.3 hawakuwahi kunitokea.

Hatua ya 3: Usiulize umri, uliza uwezo

Hapa ndipo msimbo mwingi wa kupatana unapoharibikia. Mtu anaandika:

```python
if sys.version_info >= (2, 7, 9):
    ...
```

Inaonekana ya busara, lakini inakosea pande zote mbili. Red Hat Enterprise Linux 7 ilibaki na Python 2.7.5 kwa jina, huku `SSLContext` na wenzake wakiwa wamerudishiwa ndani yake. Ukiuliza umri, unaikataa mashine inayoweza. Upande wa pili, Python 3.7 ina `ssl.TLSVersion`, lakini ikiwa imejengwa juu ya OpenSSL 1.0.2, muktadha wake hauna sifa ya `minimum_version`. Ukiuliza umri, unaikubali mashine isiyoweza, na msimbo unakufa mbele ya mtumiaji.

Kwa hiyo tumia `hasattr` na `getattr`, na ulize kuhusu kitu chenyewe unachotaka kukitumia. Si kuhusu ndugu yake.

Hatua ya 4: Weka kila kitu kwenye faili moja

Msimbo wote wa soketi salama uwe nyuma ya mlango mmoja. Mradi wote upite hapo. Hii ndiyo faili ninayotumia mimi, nikiwa nimeondoa mapambo:

```python
# soketi_salama.py
import socket
import ssl


class MazingiraDuni(RuntimeError):
    """Python au OpenSSL hii haiwezi kutupa ulinzi tunaoudai."""


def _ina_tls12():
    if hasattr(ssl, "HAS_TLSv1_2"):
        return ssl.HAS_TLSv1_2
    return hasattr(ssl, "PROTOCOL_TLSv1_2")


def tengeneza_muktadha(faili_la_ca=None):
    if not hasattr(ssl, "create_default_context"):
        raise MazingiraDuni("ssl haina create_default_context")
    if not getattr(ssl, "HAS_SNI", False):
        raise MazingiraDuni("OpenSSL haina SNI: " + ssl.OPENSSL_VERSION)
    if not _ina_tls12():
        raise MazingiraDuni("hakuna TLS 1.2: " + ssl.OPENSSL_VERSION)

    m = ssl.create_default_context(cafile=faili_la_ca)

    if hasattr(ssl, "TLSVersion") and hasattr(m, "minimum_version"):
        m.minimum_version = ssl.TLSVersion.TLSv1_2
    else:
        for jina in ("OP_NO_SSLv2", "OP_NO_SSLv3",
                     "OP_NO_TLSv1", "OP_NO_TLSv1_1"):
            m.options |= getattr(ssl, jina, 0)
    return m


def unganisha(jina, poti=443, muda=10, muktadha=None):
    m = muktadha or tengeneza_muktadha()
    ghafi = socket.create_connection((jina, poti), timeout=muda)
    try:
        return m.wrap_socket(ghafi, server_hostname=jina)
    except:
        ghafi.close()
        raise
```

Tuipitie pale penye miiba.

Sakafu ya TLS 1.2 si ukali wangu binafsi. SSL 3.0 ilipigwa marufuku rasmi Juni 2015, na TLS 1.0 na 1.1 zikafuata Machi 2021 kwa RFC 8996. Python yenyewe, kuanzia 3.10, huanzia TLS 1.2 kwa chaguo-msingi. Sisi tunalitamka wazi ili 3.6 na 3.13 zifanane tabia.

Huoni `PROTOCOL_` yoyote katika faili hii, na ni kwa makusudi. Majina yale yamewakosesha wengi. `PROTOCOL_TLSv1` linasomeka kama "TLS ya kizazi cha kwanza na kuendelea", kumbe maana yake ni TLS 1.0 peke yake, wala si 1.2. Skripti nyingi zilizokufa seva zilipoacha TLS 1.0 zilikuwa na neno hilo. Ajabu ni kwamba `PROTOCOL_SSLv23`, lenye jina la kutisha zaidi, ndilo lililokuwa jema: lilimaanisha "patana na seva juu ya toleo la juu kabisa tunaloliweza sote". Katika 3.6 na 2.7.13 lilipewa jina la heshima, `PROTOCOL_TLS`. Ukilikuta `PROTOCOL_TLSv1` kwenye msimbo wa zamani, usibadilishe kuwa `PROTOCOL_TLSv1_2`. Utakuwa umehamisha tatizo lilelile miaka michache mbele. Ondoa kabisa, muktadha ujichagulie.

`server_hostname` inafanya kazi mbili: inapeleka jina kwa seva kupitia SNI, na ndiyo jina linalolinganishwa na cheti. Usiijaze anwani ya IP kwa sababu tu umechoka na jina. Kama lazima uunganike kwa IP, peleka IP kwenye `create_connection` na jina halisi la seva kwenye `server_hostname`. Vitu hivyo viwili si lazima vifanane.

Ule `except:` mtupu ungenifanya nimkemee mtu mahali pengine popote. Hapa kazi yake ni kufunga soketi na kulirusha kosa lilelile juu, hata kama ni mtu aliyebonyeza Ctrl+C. Katika Python 3, `wrap_socket` huichukua soketi ghafi na kuiacha tupu, kwa hiyo kuifunga tena hakuna madhara. Katika 2.7 soketi ile inaweza kubaki wazi ikikungoja wewe, na seva ya usuli inayojaribu kila dakika itamaliza akiba yake ya mafaili yaliyofunguliwa kabla wiki haijaisha.

Hatua ya 5: Yatambue makosa kwa majina yao

Katika 2.7 na katika 3.4 hadi 3.6, cheti kibovu hutoa makosa mawili ya koo tofauti. Mnyororo wa vyeti ukikatika, unapata `ssl.SSLError`. Jina lisipolingana, unapata `ssl.CertificateError`, ambayo ni mtoto wa `ValueError` na haina undugu na `SSLError`. Yaani `except ssl.SSLError` yako inaipita pembeni. Kuanzia 3.7 ukaguzi wa jina ulihamia ndani ya OpenSSL, na yote mawili yakawa `SSLCertVerificationError`. Jina la zamani likabaki kama lakabu.

Ongeza hii kwenye faili:

```python
MAKOSA_YA_CHETI = tuple(
    getattr(ssl, n)
    for n in ("SSLCertVerificationError", "CertificateError")
    if hasattr(ssl, n)
)


def ni_kosa_la_cheti(kosa):
    if isinstance(kosa, MAKOSA_YA_CHETI):
        return True
    return getattr(kosa, "reason", None) == "CERTIFICATE_VERIFY_FAILED"
```

Faida yake ni kwenye kujaribu tena. Mtandao ukikatika, jaribu tena baada ya sekunde chache. Kosa likiwa la cheti, simama hapo hapo na umwite binadamu. Na kosa likitokea katika mapatano, usirudi na toleo la chini zaidi "ili tu ipite". POODLE ya Oktoba 2014 iliegemea tabia hiyohiyo: mshambuliaji alivuruga mapatano makusudi mpaka mteja mwenyewe akashuka hadi SSL 3.0.

Muda ukiisha wakati wa kusoma, nako kuna kioja. Python 3 hukupa `socket.timeout`, ambayo tangu 3.10 ni lakabu tu ya `TimeoutError`. Python 2.7 hukupa `ssl.SSLError` yenye maneno "The read operation timed out". Hakuna njia ya kupendeza ya kuitambua; utalazimika kuchungulia maandishi ya kosa. Funga pua na ufanye hivyo mahali pamoja tu:

```python
def ni_kuisha_kwa_muda(kosa):
    return isinstance(kosa, socket.timeout) or (
        isinstance(kosa, ssl.SSLError) and "timed out" in str(kosa))
```

Hatua ya 6: Kusoma na kuandika

Tuma baiti, siyo maandishi. `b"..."` inakubalika kote tangu 2.6, na maandishi yenye vigeu yapitishe kwenye `.encode("utf-8")` kabla ya kutuma. Tumia `sendall`, kwa kuwa `send` inaweza kutuma nusu na kunyamaza. Soketi za 2.7 hazijui `with`, basi zungushie `contextlib.closing`, inafanya kazi kila mahali.

Kosa ambalo nimeliona kwa mafundi wazoefu kabisa linahusu `select`, funksheni inayosubiri hadi soketi iwe na cha kusoma. Kwenye soketi ya kawaida, `select` ikisema hakuna kitu, kweli hakuna. Kwenye soketi salama, OpenSSL husoma rekodi nzima kutoka mtandaoni, ikaifungua, ikakupa kiasi ulichoomba, na kilichobaki ikakiweka kwenye bafa yake. Kiini cha mfumo hakijui habari za bafa hiyo. Programu inakaa kwenye `select` ikisubiri data ambayo tayari iko ndani ya nyumba. Kabla ya kwenda kwenye `select`, uliza `s.pending()`, ikiwa zaidi ya sifuri, soma kwanza.

Ukitumia soketi zisizosubiri, jua pia kwamba kuandika kunaweza kukurudishia `SSLWantReadError`, na kusoma kukarudisha `SSLWantWriteError`. Siyo hitilafu. Itifaki ina mazungumzo yake ya ndani, na wakati mwingine ili iandike lazima kwanza isikie. Katika TLS 1.3 ndiyo kabisa: seva hutuma tiketi za kikao baada ya mapatano kwisha, kwa hiyo soketi inaweza kuonekana ina cha kusoma, ukasoma, na usipate hata baiti moja ya ujumbe wako.

Kuhusu mwisho wa muunganisho: kwa chaguo-msingi, `recv` hurudisha `b""` hata pale upande wa pili ulipokata ghafla bila kuaga. Maana yake `b""` si ushahidi kwamba umepokea kila kitu. Kama itifaki yako inataja urefu wa ujumbe, hesabu baiti. Kama haitaji, na wewe ndiye uliyeibuni, iongezee urefu.

Ukiwa upande wa seva

Kwa kifupi, kwa kuwa wengi wanaosoma haya wako upande wa mteja. Muktadha unatengenezwa kwa `ssl.create_default_context(ssl.Purpose.CLIENT_AUTH)`, kisha `load_cert_chain` kwa cheti na ufunguo, kisha sakafu ileile ya matoleo. Usiizungushie `wrap_socket` soketi inayosikiliza. Ukifanya hivyo, `accept` yenyewe ndiyo inayofanya mapatano, na mteja mmoja aliyeunganika akanyamaza anawasimamisha wote walio nyuma yake. Pokea soketi ghafi, iwekee muda wa mwisho kwa `settimeout`, ikabidhi kwa uzi mwingine, na huko ndiko uizungushie kwa `server_side=True`.

Hatua ya 7: Vyeti vya mzizi

Msimbo unaweza kuwa safi na bado kila muunganisho ukakataliwa, kwa sababu mashine haijui imwamini nani. Angalia inatafuta wapi:

```
python -c "import ssl; print(ssl.get_default_verify_paths())"
```

Njia zinazoonekana hapo zikiwa hazipo kwenye diski, umeshapata jibu. Unaweza kuelekeza kwingine kwa vigeu vya mazingira `SSL_CERT_FILE` na `SSL_CERT_DIR`, au kwa kupitisha `faili_la_ca`. Kwenye macOS, Python inayopakuliwa kutoka python.org inakuja na OpenSSL yake isiyosoma hazina ya vyeti ya mfumo; kuna faili linaloitwa `Install Certificates.command` ndani ya folda yake, liendeshe mara moja. Kifurushi cha `certifi`, chenye orodha yake ya vyeti vya mzizi, ni njia mbadala nzuri, ila nacho kinazeeka: ukikigandisha kwenye toleo moja, umegandisha orodha ya unaowaamini.

Tarehe 30 Septemba 2021 iliwafundisha wengi. Siku hiyo cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda. Vyeti vya Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, vilikuwa na njia mbili za kufika mzizini: moja kupitia kile kilichokufa, nyingine kupitia ISRG Root X1 kilicho hai. OpenSSL mpya ziliiona njia hai. Za zamani, 1.0.2 kurudi nyuma, zilifuata mnyororo uliotumwa na seva hadi kwa marehemu, zikakataa, isipokuwa zimeagizwa kuanza na vyeti vilivyo kwenye mashine yenyewe. Bendera ya agizo hilo ni `VERIFY_X509_TRUSTED_FIRST`, Python 2.7.10 na 3.4.4 kwenda juu zinaijua, mradi OpenSSL yao inaijua. Palipokuwa hakuna bendera, tiba ilikuwa kuongeza kile kilicho hai na kukiondoa kile kilichokufa kwenye orodha ya mashine. Wapo waliochagua kuzima ukaguzi "kwa leo tu". Baadhi ya misimbo hiyo nimeikuta miaka miwili baadaye ikiwa bado imezimwa.

Kama unaendesha mamlaka ya vyeti ya ndani, jiandae kwa 3.13. Toleo hilo limewasha `VERIFY_X509_STRICT` ndani ya `create_default_context`, na mamlaka nyingi za kujitengenezea, zenye vyeti vilivyokosa viambatisho vya lazima, zimeanza kukataliwa. Tiba ya kweli ni kutoa vyeti upya. Wakati unasubiri, unaweza kupunguza ukali huo peke yake, ukaguzi wenyewe ukabaki:

```python
m.verify_flags &= ~getattr(ssl, "VERIFY_X509_STRICT", 0)
```

Unapovitoa upya, jina la seva liandike kwenye `subjectAltName`, na usitumie nyota nusu kama `www*.mfano.test`, kuanzia 3.7 hazikubaliki.

Pale seva inapokuwa mzee kuliko wewe

Mara nyingine Python ni mpya na seva ndiyo kongwe: kifaa cha mtandao, printa, mfumo wa hesabu ambao hakuna anayethubutu kuuzima. Usiishushe sakafu ya programu nzima kwa ajili ya mzee mmoja. Mtengenezee muktadha wake peke yake, umpitishe kwenye `unganisha`:

```python
def muktadha_wa_mzee(faili_la_ca):
    m = ssl.create_default_context(cafile=faili_la_ca)
    m.minimum_version = ssl.TLSVersion.TLSv1
    m.set_ciphers("DEFAULT@SECLEVEL=0")
    return m
```

Ule mstari wa `SECLEVEL` unahitajika kwa sababu OpenSSL 3.0 imezipeleka TLS 1.0 na 1.1 kwenye ngazi sifuri ya usalama. Bila huo, `minimum_version` inakubaliwa kimya kimya na mapatano yanashindwa vilevile. Ukiona "unsafe legacy renegotiation disabled", seva haijui marekebisho ya mwaka 2010 ya kupatana upya. Ongeza `m.options |= getattr(ssl, "OP_LEGACY_SERVER_CONNECT", 0x4)`; jina lenyewe liliingia Python katika 3.12, namba ilikuwepo OpenSSL zamani. Angalia kwamba hata kwa mzee, cheti bado kinakaguliwa.

Na walio chini ya mstari

Kuna mashine ya Python 2.6, haiwezi kubadilishwa, na lazima izungumze na seva ya leo. Usijaribu kuifundisha TLS. Iweke stunnel pembeni yake, programu inayobeba TLS kwa niaba ya nyingine, iliyojengwa na OpenSSL ya sasa:

```
[nje]
client = yes
accept = 127.0.0.1:8443
connect = seva.mfano.test:443
verifyChain = yes
CAfile = /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
checkHost = seva.mfano.test
sslVersionMin = TLSv1.2
```

Njia ya `CAfile` hutofautiana kati ya mifumo, irekebishe. Skripti ya zamani inaunganika na `127.0.0.1:8443` kwa soketi ya kawaida, bila `ssl` kabisa, na stunnel inabeba mengine. `verifyChain` na `checkHost` usiziache: bila hizo stunnel ya upande wa mteja haikagui cheti, na utakuwa umejenga upya kasoro ileile uliyoikimbia.

Hatua ya 8: Ijaribu kwa yanayopaswa kushindwa

Kwanza safisha nyumba. Tafuta kwenye mradi mzima maneno haya: `CERT_NONE`, `_create_unverified_context`, `check_hostname = False`, `ssl.wrap_socket`, `PROTOCOL_TLSv1`, `verify=False`. Kila utakalolipata liwe na maelezo au liondoke.

Kisha jaribio. Kuunganika na tovuti nzuri hakuthibitishi lolote. Hata msimbo usiokagua chochote utaunganika. Tumia seva zilizoharibiwa makusudi, kama zile za badssl.com:

```python
from __future__ import print_function
import ssl
import sys
from contextlib import closing
from soketi_salama import unganisha, ni_kosa_la_cheti

print(sys.version.split()[0], "|", ssl.OPENSSL_VERSION)

for jina in ("expired.badssl.com",
             "wrong.host.badssl.com",
             "self-signed.badssl.com",
             "untrusted-root.badssl.com"):
    try:
        with closing(unganisha(jina)):
            print("HATARI, imekubaliwa:", jina)
    except Exception as kosa:
        hali = "sawa" if ni_kosa_la_cheti(kosa) else "SABABU NYINGINE"
        print(hali, jina, kosa)
```

Iendeshe kwenye kila toleo unalolihudumia. Picha za Docker kama `python:2.7`, `python:3.6` na `python:3.13` zinarahisisha. Kwa sakafu ya matoleo, washa seva yako mwenyewe:

```
openssl s_server -accept 8443 -cert c.pem -key k.pem -tls1 -cipher 'DEFAULT@SECLEVEL=0'
```

na uhakikishe `unganisha` inaikataa, kisha badilisha `-tls1` kuwa `-tls1_2`, ondoa `-cipher`, na uhakikishe inaikubali.

Mstari wa kuutazama kwa makini kuliko yote kwenye matokeo ni ule wa "SABABU NYINGINE". Mtandao ukiwa umezimwa, au proksi ikiwa imekaa katikati, miunganisho yote minne itashindwa, na jaribio lisilotofautisha sababu lingekupa alama kamili bila kugusa cheti hata kimoja.